Springi za Gari Lililompeleka Mama Yako

Munyaka, Eldoret
Jumapili, baada ya chakula cha jioni

Mwanangu Barasa,

Siku tuliyomzika mama yako mimi nilikuwa chini ya gari. Hilo sijawahi kumwambia mtu, si Nyanya aliyetulea sisi wawili, si wewe, wala yule katekista aliyekuwa akituuliza kila Jumamosi kama tuna la kusema. Watu wote walidhani nimelala kwa jirani. Nilikuwa na miaka minane, na kila mama aliyefika pale nyumbani Webuye alinishika kidevu akasema, "Huyu ndiye mdogo wake, tazama macho." Sikuweza kuvumilia kutazamwa. Wanaume walipokwisha kuliteremsha sanduku na kulipeleka nyuma ya nyumba, nilipenya chini ya ile pikapu ya kukodi iliyotuleta kutoka Eldoret, nikalala chali kwenye nyasi.

Kutoka pale niliziona springi za nyuma, vile vyuma bapa virefu vilivyopangwa kimoja juu ya kingine na kupindwa kama upinde. Zilikuwa zimenyanyuka, hazina mzigo tena. Bolti moja iliyozishika ilikuwa ya shaba, ya manjano katikati ya kutu yote ile, nami niliikazia macho hiyo ili nisiusikie wimbo wa maziko. Kisha springi zikashuka. Zilishuka polepole, kwa mlio mwembamba, kwiii, na sakafu ya gari ikanikaribia uso. Niligeuza kichwa kutafuta miguu ya mtu aliyepanda. Hakukuwa na miguu. Watu wote walikuwa kaburini.

Nilikaa pale mpaka wimbo ukaisha. Wakati wa kurudi nilikataa kupanda pikapu ile, nikalia mpaka wakanipandisha basi pamoja na Nyanya. Walisema ni uchungu wa msiba. Ulikuwa uchungu pia, sikatai.

Sasa wewe unasoma na kucheka, nakujua. Unasema, huyu Mama Kitabu ameanza hadithi zake. Una miaka ishirini, una ndevu, na mimi niko kidato cha tatu, kesho kutwa nitakuwa kwenye foleni ya maziwa ya shule nimeshika kikombe. Lakini mama yako alikuwa dada yangu wa tumbo moja, na kwetu mtoto wa dada hana shangazi upande huo, ana mama mwingine. Mkubwa alipoondoka, mdogo alibaki na jina. Wewe umelifanya mzaha tangu tukiwa wadogo, ukinituma maji huku ukiniita mathe. Nyanya hajalifanya mzaha hata mara moja. Juzi aliniambia nikiwa ninaosha sufuria: "Jumatatu kijana akitoka, wewe ndiwe utasimama mlangoni umwambie neno la mama." Nikasema ndiyo, kisha nikaenda nyuma ya choo nikajificha. Unajua ninavyokuwa mbele ya watu. Ndiyo maana ninaandika.

Sitakuandikia habari za kufua nguo na kuchemsha maji ya kunywa. Nyanya atakuambia hayo mpaka uchoke. Ninataka kukuandikia habari za springi, kwa sababu ni mimi niliyekuchagulia, na nilizichagua vibaya.

Unaikumbuka siku ile kwa Fundi Otieno. Mzee Ndirangu alikuwa ameinunua pikapu hii ya magurudumu manne yanayovuta yote, akakupa kazi ya kushusha bidhaa za duka lake hadi bonde la Kerio, uishi huko huko sokoni na uwe ukipanda Eldoret kuchukua nyingine. Akataka iinuliwe kidogo, kiasi cha vidole vitatu, isigonge mawe. Mbele haikuwa na shida. Nyuma ilikuwa imelala kama ng'ombe mgonjwa. Fundi alikuwa na jozi tatu za springi zimeegemezwa kwenye ua wake wa mabati: zile za pikapu yenyewe, zilizochoka, ambazo angezipasha moto na kuzipinda upya, za pikapu nyingine iliyokuwa ikibeba maziwa kutoka soko la Ziwa, zenye vyuma vichache na upinde wa wastani, na zile ndefu, nene, zilizosimama juu ya wenzake kama askari.

"Mama Kitabu, sema basi," uliniambia. "Kitabu kinasemaje?"

Fundi akacheka. "Tangu lini springi ikachaguliwa na msichana wa shule?"

"Huyu si msichana wa shule tu. Huyu ni mathe yangu."

"Mathe yako? Huyu? Alikuzaa akiwa chekechea?"

Nyote mlicheka, na masikio yangu yakawaka moto. Nilikuwa nimeazima kitabu cha ufundi wa magari katika maktaba ya shule, kwa ajili yako, na nilikuwa nimesoma mahali panapoeleza kimo. Mahali panapoeleza uzito palikuwa na hesabu nyingi, nikaparuka. Nilitaka jambo moja tu wakati ule, nionekane ninajua, kicheko kiishe. Nikanyoosha kidole. "Hizo ndefu. Ndizo zitakazoinua vizuri."

"Umesikia mama yako," Fundi akasema, akachukua spana. Nikamwuliza zilikotoka. "Gari moja ya kukodi. Mwenyewe aliiuza vipande vipande," akajibu, akiwa tayari ameingia chini.

Lo, na zilivyoinua! Pikapu ilisimama, ukaizunguka mikono kiunoni, ukapiga teke gurudumu. "Cheki hii gari! Imesimama fiti kabisa!" Ukaniambia nipande nyuma, tuipeleke kwenye barabara ya udongo ya kwenda Ziwa tuijaribu. Nyuma hakukuwa na kitu isipokuwa mimi. Tulipofika pale barabara ilipojikunja kama mabati, ilianza kuruka. Haikuyumba tu, iliruka, makalio yangu yakaacha sakafu na mkia wa gari ukawa unatafuta mtaro.

"Mathe, uko?" ulipiga kelele dirishani.

"Niko!"

"Inaendaje?"

"Inaruka!"

"Itazoea!"

Na ulipozima injini nyumbani, ukashuka ukiwa unafuta jasho, ukaniuliza swali ambalo nadhani umelisahau. Mimi sijalisahau. Uliuliza, "Ulikuwa unaongea na nani huko nyuma?"

Nikakuambia nilikuwa ninasoma kwa sauti. Barasa, sikuwa na kitabu. Na tangu tulipoacha kupigiana kelele, sikuwa nimefungua mdomo.

Jioni ile nilichukua rula yangu na kamba, nikapima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bawa, lile bati la juu ya gurudumu, kama kitabu kinavyosema. Upande wa kushoto ulikuwa chini kuliko wa kulia. Nikapiga magoti kutazama sababu, na kutoka gizani chini ya gari ile bolti ya shaba ikanitazama.

Nilijiambia kwamba bolti za shaba ni nyingi duniani. Nikaingia ndani, nikafanya hesabu zangu za shule, zote nikakosa.

Kuanzia siku hiyo nililichunguza gari hilo kama mtu anayemchunguza mbwa asiyemjua. Alhamisi mchana, shule ikiwa bado imefungwa, ulikuwa umelala. Nilikuwa nimeketi kwenye kivuli chake, mgongo kwenye gurudumu, ninasoma. Jua kali, mtaa umenyamaza, redio ya jirani inasoma habari za saa saba, ile sehemu ya mwanzo ambayo kila siku ni ile ile. Nikasikia kwiii. Bawa la gari likashuka nyuma ya kichwa changu na kunigusa nywele. Sikusimama. Nilifanya kama nilivyofanya Webuye, nikatafuta miguu. Hakukuwa na miguu. Mama yako, kama unakumbuka, alikuwa mwanamke mzito, na alikuwa na namna yake ya kukaa, polepole, akijishusha kana kwamba hataki kukiumiza kiti, kisha anapumua. Niliingoja ile pumzi. Sikuisikia, na ninashukuru.

Nilimwuliza Fundi, kwa kuzungukazunguka, kama springi zinaweza kushuka zenyewe. Akasema bila kuinua kichwa: "Zinaweza. Kutu inashikanisha vyuma, halafu jua likipiga vinaachiana. Gari inashuka yenyewe tu. Si kitu." Hiyo ni sababu nzuri, na kitabu kinakubaliana naye. Niliishika kwa mikono miwili. Kisha Ijumaa nikamwona Nyanya akipita nyuma ya pikapu na beseni la nguo. Pale mwisho wa gari, Nyanya aliinama kidogo na kuushusha mkono, kama anavyofanya akipita mbele ya wageni walioketi. Akaenda zake kuanika nguo. Sidhani hata alijua amefanya hivyo.

Sikukuambia wewe kwa sababu ulikuwa na furaha, na kwa sababu sikujua ninachokuambia. Ningesema nini? Kwamba springi za gari lako ndizo zilizombeba mama yako kutoka hospitali hadi kaburini? Wewe ulipanda mbele siku ile, karibu na dereva, ukapewa soda uishike. Mimi nilikaa nyuma na akina mama, miguu yangu imegusa sanduku. Kila walipopumzika kuimba, sauti iliyobaki ilikuwa ya springi. Kwa hiyo kuna sauti moja ya mama yako ambayo wewe hukuisikia na mimi ninaijua, na siyo sauti yake.

Nilifikiri pia upande wa pili. Ukitaka ukweli, upande huo ndio uliokaribia kunishinda. Nilifikiri: na kama ni yeye? Unakwenda mahali ambapo huna mtu. Utateremka ule ukingo wa bonde peke yako, ukilala sokoni kwa watu ambao lugha yao huijui. Kama mama yako anataka kukaa nyuma ya gari la mwanawe, mimi ni nani nimteremshe? Nilisema moyoni, acha ziende naye.

Jumamosi asubuhi nikarudi kwenye zile kurasa za hesabu nilizoziruka. Nilizisoma polepole, jinsi ninavyopaswa kusoma kila kitu na sisomi. Ninakuandikia kwa maneno yangu, kwa sababu huko utakuwa ukibadilisha vitu mwenyewe, na fundi wa huko atakuonyesha vingi vinavyometameta. Springi haichaguliwi kwa jinsi inavyosimama uani. Unaanza kwa kujiuliza gari litabeba nini siku zote, si siku moja ya sikukuu. Springi nene iliyotengenezewa mzigo wa kudumu inautaka huo mzigo. Ukiiondolea, haipindi, na isipopinda gurudumu haliwezi kufuata barabara. Linaruka juu ya kila tuta, na wakati lipo hewani halishiki kitu, hata ukipiga breki. Springi laini kupita kiasi nayo italala ukiipakia, mpaka ekseli, kile chuma kinachoshika magurudumu, ipige mwili wa gari. Gari lililoinuliwa kidogo linahitaji springi ya katikati, yenye upinde wa kutosha kuinua na ulaini wa kutosha kuliacha gurudumu likanyage barabara gari likiwa tupu.

Yale magari ya kukodi yanayopeleka watu wetu magharibi hayaendi matupu. Kuna sanduku, kuna mabenchi, kuna akina mama, kuna sufuria na magunia ya mahindi. Springi zile zilitengenezewa hayo. Wewe utashuka bondeni na sukari, chumvi, sabuni na mapipa ya mafuta ya taa, na hapo zitakutii. Lakini utapanda na nini? Ngozi chache, asali, labda mbuzi wawili. Utapanda kona zile za changarawe karibu mtupu, mkia unaruka, na upande mmoja wa barabara hakuna kitu, ni hewa mpaka chini.

Nilikaa na hesabu ile muda mrefu. Nilimweka hata yeye ndani yake, usicheke. Nilichukua uzito wa mwanamke mzito, nikauweka juu ya ekseli ya nyuma, nikatazama. Barasa, hata kama ni yeye, uzito wake hautoshi. Hauwezi kulishikilia gurudumu chini. Angeketi pale na kukutazama ukiteleza.

Hapo nilikoma kuogopa mambo mawili, nikabaki na moja, ile barabara.

Labda hili ndilo neno la mama, ingawa sijui kama linafanana na yale ambayo akina mama wengine husema. Nimekosea kwa kujibu haraka ili watu waache kucheka. Nimekosea zaidi kwa kunyamaza, tangu nikiwa na miaka minane, nikidhani jambo nisilolisema litabaki mahali pake. Halikubaki. Lilifungwa chini ya gari lako, na ni kidole changu kilichoonyesha. Huko uendako utaulizwa mambo mbele za watu, na wewe unapenda kusifiwa kuliko mimi. Waache wacheke kwanza, usome mpaka mwisho, ndipo ujibu. Ukisikia kitu nyuma yako na hukielewi, sema kwa mtu, hata kama hutakisema vizuri.

Mama yako alikuwa akifanya kazi ya nyumba kule mtaa wa Elgon View, na aliniletea magazeti ya zamani ambayo mama mwenye nyumba aliyatupa. Ndivyo nilivyojifunza kusoma kabla ya shule. Aliketi karibu nami, akaweka kidole chini ya neno asilolijua yeye mwenyewe, akasema, "Hili nalo, usiliruke." Nimekuwa nikiliwaza hilo tangu jana.

Sasa nikueleze nilichofanya, ili kesho usimgombeze mtu mwingine.

Leo ulipoondoka kwa basi baada ya kanisa kwenda Ziwa kuwaaga marafiki, nilikwenda kwa Fundi Otieno, nikamwomba azifungue zile springi na kufunga zile za gari la maziwa. Alikataa. "Gari ni ya Mzee. Kijana amefurahi, Mzee amefurahi, wewe unataka nini?" Nikaenda dukani kwa Mzee Ndirangu. Kulikuwa na watu. Nilisubiri wote wapite, na kila aliyetoka aliingia mwingine, mpaka Mzee mwenyewe akaniita juu ya vichwa vyao: "Wewe msichana, umesimama hapo tangu saa ngapi? Unataka nini?"

Nikasema gari lisiende na springi zile. Nikaeleza habari ya mzigo, kushuka likiwa limejaa na kupanda likiwa tupu. Sauti yangu ilikuwa inapotea na kurudi. Sikusema habari ya bolti. Mama mmoja aliyekuwa akinunua kiberiti akacheka, "Siku hizi watoto wa shule ndio mafundi!" Mzee akaniuliza, "Kwani wewe ni nani wake?"

"Mimi ni mama yake."

Wakacheka duka zima. Mzee hakucheka. Alinitazama, akafunga droo yake. "Wewe ni yule mdogo wa Nekesa," akasema. Jina hilo la mama yako nilikuwa sijalisikia kwa mtu wa nje miaka mingi. "Mwambie Otieno azibadilishe leo. Mama akisema gari haliendi hivyo, haliendi hivyo."

Fundi alikuja na jeki na zile springi kwenye mkokoteni, akilalamika njia nzima kwamba ni Jumapili. Nilimshikia bolti. Alipoigusa ile ya shaba haikutaka kutoka, akaipiga nyundo, akatukana, akaipaka mafuta, akangoja, ikatoka kwa mkono tu kama iliyokuwa imelegea siku zote. Akanitazama, nami nikamtazama. Nilipima tena nilipokuwa nimebaki peke yangu. Kushoto na kulia ni sawa. Gari liko chini kuliko ulivyoliacha, karibu kidole kizima, na najua utakasirika. Bado linapita juu ya mawe. Mpira unaopitisha mafuta ya breki nao niliuangalia, haujavutika.

Fundi alitaka kuondoka na zile ndefu amuuzie mwingine. Nikamwambia aziache. Nyanya akatoka jikoni, akazitazama zimelala uani, akaniuliza zinakwenda wapi. Nikamwambia sijui. Kisha nikamweleza yote, kuanzia siku ile ya chini ya gari. Alinisikiliza akiwa amesimama, mwiko mkononi. Mwishowe akasema, "Zilale ndani. Kijana akishaondoka tutazipeleka nyumbani Webuye."

Tukazibeba moja moja, zikiwa nzito kuliko nilivyofikiri, tukazilaza kando ya ukuta na kuzifunika gunia. Nilinawa mikono kwa sabuni ya kufulia, grisi ikatoka nusu. Nikala. Nikawasha taa, nikasogeza kiti changu mbali nazo kidogo, nikaketi, nikaanza kukuandikia.

Mama yako mdogo,
Nanjala